Modeli za taya zilizochapwa kwa printa ya 3D: zinamwelewesha mgonjwa, au zinatufurahisha sisi madaktari?

Tabibu wa Mkoani (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni daktari wa kinywa na meno katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Tanzania Bara. Kwa wagonjwa wenye uvimbe wa taya, kazi yangu ni kuwapima, kuchukua kinyama kwa ajili ya maabara, kuwaandaa, kisha kuwapeleka kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso. Wengi wao wana ameloblastoma ya taya la chini. Huu ni uvimbe ambao kwa kawaida si saratani, lakini huula mfupa polepole kwa miaka, na ukikwanguliwa tu, bila kukatwa pamoja na sehemu ya mfupa mzima unaouzunguka, mara nyingi hurudi.

Hapo ndipo ugumu wangu unapoanza. Mbele yangu ameketi kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye haumwi, anakula vizuri, na shavu lake lililovimba amekwisha kulizoea. Namweleza kwamba atakatwa kipande cha taya chenye meno kadhaa, pamoja na sentimita moja hadi mbili za mfupa ambao hata kwenye picha unaonekana mzima. Namwonyesha eksirei, anatikisa kichwa kukubali, anatia saini fomu ya ridhaa, na akifika kwenye korido nasikia akimwambia mjomba wake kwamba anakwenda kutolewa maji shavuni. Wengine huondoka wasirudi mpaka uvimbe umefika kwenye kiungo cha taya karibu na sikio.

Sasa chuo cha ufundi kilicho jirani nasi kimepata printa ya 3D, na walimu wake wako tayari kutuchapia mataya ya wagonjwa kutokana na kipimo cha CT, yaani picha za mionzi zinazopigwa kipande kwa kipande. Najua jambo lenyewe si geni duniani. Chuck Hull alipata hataza ya kuchapa vitu kwa resini na mwanga mwaka 1986, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 mafuvu ya kuchapwa yalikwisha kuwafikia madaktari wa upasuaji wa uso. Hata hivyo, karibu kila ninachokisoma kinamzungumzia daktari: namna ya kupanga mkato, kupinda mapema bamba la titani linaloshikilia taya baada ya kukatwa, kupunguza muda wa mgonjwa kuwa kwenye usingizi. Mgonjwa hutajwa mwishoni, kwa sentensi moja ya adabu.

Ningependa kusikia kutoka kwa waliokwisha kuzitumia mbele ya mgonjwa mwenyewe. Je, ni lazima liwe taya lake, au fuvu la kawaida la kufundishia linatosha? Je, halimtishi? Na kwa hospitali kama yetu, ambako hata kipimo cha CT mgonjwa anakifuata mbali, gharama hiyo ina maana yoyote?

---

Mpasuaji wa Pwani

Mleta mada, umeuliza swali ambalo wengi wetu tunalikwepa, kwa sababu modeli hizi ni nzuri kuzitazama na ni rahisi kujiridhisha kwamba aliyeshangazwa nazo ameelewa. Mimi ni daktari bingwa wa fani hii, nimezitumia kwa muda sasa, na jibu langu ni kwamba zinasaidia, ila kwa masharti.

Kwanza, liwe taya lake. Fuvu la kufundishia lina taya la mtu mzima mwenye afya, nalo humwambia mgonjwa kwamba binadamu wana taya, jambo ambalo analijua. Nimemwona binti mmoja akiwa ameshika modeli yake kwa mkono wa kushoto, huku vidole vya mkono wa kulia vikitembea kwenye uso wake mwenyewe, kuanzia chini ya sikio kushuka kwenye pembe ya taya, kisha kuelekea kidevuni. Alipofika palipovimba alisimama, akatafuta mahali hapohapo kwenye plastiki, na mama yake akaingiza kidole gumba kwenye tundu ambapo ukuta wa nje wa mfupa ulikuwa umeliwa kabisa. Kandokando ya tundu lile mfupa ulikuwa umebaki kama ganda la yai. Baada ya hapo sikuulizwa tena kwa nini usitolewe maji tu. Swali lililofuata lilikuwa lile ambalo daktari yeyote angetamani kuulizwa: ukiondoa hapa pote, pataziba nini?

Pili, usisahau kwamba printa inachapa mfupa peke yake. Ndani ya ameloblastoma mna nyama laini na majimaji, na programu inapotenganisha mfupa na vitu vingine huvifuta vyote hivyo. Matokeo yake ni kwamba uvimbe, ambao ndio kiini cha mazungumzo, unaonekana kwenye modeli kama nafasi tupu. Yuko mgonjwa aliyelitazama tundu akafurahi, akidhani ugonjwa umekwisha kuondoka na kilichobaki ni shimo la kuzibwa. Suluhisho lake unalo tayari kwenye kliniki yako: chukua nta ya waridi tunayotumia kutengenezea meno ya bandia, ipashe moto kidogo, ujaze lile pango mpaka nta itokeze kidogo nje kama uvimbe ulivyo. Kisha chukua waya mwembamba wa rangi ya njano na uupitishe kwenye njia ya mshipa wa fahamu unaoingia upande wa ndani wa taya na kutokea karibu na kidevu. Atauona waya ukiingia ndani ya nta, na hapo una mlango wa kumweleza habari ya ganzi ya mdomo wa chini.

Tatu, ukiweza, zichapwe mbili. Moja ibaki kama ilivyo, ya pili iwe imekwisha kukatwa na kufungwa bamba. Usiikate mbele yake; sauti ya msumeno si sehemu ya somo. Ile ya pili ndiyo inayofundisha zaidi, kwa sababu inaonyesha pengo ambalo bamba linapita juu yake bila kitu chini. Hapo unaweza kumweleza kwa utulivu kwamba bamba peke yake ni daraja la muda, kwamba likiachwa miaka mingi bila mfupa linaweza kuvunjika au kutokeza kwenye ngozi, na kwamba mfupa wa kujaza pengo hutolewa nyongani ikiwa pengo ni fupi, au kwenye fibula, ule mfupa mwembamba wa pembeni mwa mguu, ikiwa ni refu. Fibula yenye mishipa yake ya damu imetumika kujenga taya tangu mwaka 1989, lakini ukimwambia mgonjwa ghafla kwamba ili kutibu taya utampasua mguu, atadhani umechanganya mafaili.

Kuna jambo moja ambalo halimo vitabuni. Wagonjwa wanaotumia intaneti wamekwisha kusikia kuhusu yule bibi wa miaka 83 wa Uholanzi aliyewekewa taya zima la titani lililochapwa, habari iliyoenea mwaka 2012. Kwa hiyo ukimpa mtu taya la plastiki bila maelezo, anaweza kuondoka akiamini kwamba hilohilo ndilo atakalowekewa. Mwambie mapema, na tena mbele ya ndugu zake, kwamba hii ni ya kutazama tu.

Na usichape chochote kabla ya majibu ya kinyama kurudi. Taya lililovimba kwa mtoto linaweza kuwa limfoma ya Burkitt, aina ya saratani ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza kutokana na watoto aliowaona Uganda, katika makala yake ya mwaka 1958, na ambayo tiba yake ni dawa wala si kukata taya. Mtoto huyo na wazazi wake hawahitaji kuonyeshwa bamba lolote.

---

Fundi Vifaa Tiba, Nairobi

Nitaongezea upande wa ufundi, kwa kuwa modeli mbovu humfundisha mgonjwa uongo kwa ufasaha mkubwa.

Mwombe mtaalamu wa mionzi akupe mafaili yenyewe ya DICOM, yaani picha za CT kama zilivyotoka kwenye mashine, kwenye diski, wala si filamu wala picha zilizopigwa kwa simu. Mwombe pia vipande vyembamba, milimita moja au chini yake. Hospitali nyingi huhifadhi vile vya milimita tano kwa sababu vinatosha kuandikia ripoti, lakini ukivichapa unapata taya lenye ngazi, na mgonjwa atakuuliza mistari ile ni ugonjwa gani. Kabla ya kupimwa, mgonjwa aume kipande cha spatula ya mbao ili meno ya juu yasigusane na ya chini, vinginevyo utakesha kwenye kompyuta ukiyatenganisha jino kwa jino. Vijazio vya metali kwenye meno hutoa miali inayochapika kama miiba. Hiyo ifutwe kwa mkono.

Programu hazihitaji kununuliwa. 3D Slicer ni ya bure, na InVesalius, iliyotengenezwa Brazil na taasisi ya serikali iliyoko Campinas, nayo ni ya bure na haihitaji kompyuta ya kifahari. Unachagua kiwango cha ugumu wa mfupa, unakata shingo na vitu usivyovihitaji, unatoa faili la STL, lenye umbo ambalo printa inalisoma, na lililobaki ni la printa. Hapa pana mtego: ukipandisha kiwango sana, mifupa myembamba hutoweka, na taya la juu litatoka na matundu ambayo mgonjwa hana. Ukikishusha sana, uvimbe unaambatana na mfupa na kila kitu kinakuwa bonge. Modeli isitoke chumbani kwa fundi kabla daktari hajailinganisha na picha.

Kwa printa ya kawaida ya uzi wa plastiki ya PLA, yenye tabaka za milimita 0.2, taya zima la chini huchukua saa kadhaa, kwa kawaida hulala likichapwa usiku. Kilo moja ya uzi hutoa mataya zaidi ya kumi, kwa hiyo malighafi ya taya moja ni fedha ndogo ukilinganisha na kipimo cha CT chenyewe. Gharama halisi ni muda wa mtu anayekaa kwenye kompyuta, na huyo mnapaswa kumlipa au kumpangia zamu, la sivyo mradi utakufa siku atakapohamishwa. Hapa Nairobi, Chuo Kikuu kina karakana yake ya FabLab, na Dar es Salaam kuna Buni Hub chini ya COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania. Maeneo ya namna hiyo yana watu wanaoweza kuwafundisha walimu wenu wa chuo cha ufundi.

Andikeni upande wa kulia na wa kushoto kwenye modeli kwa kalamu isiyofutika mara tu inapotoka kwenye printa. Baadhi ya programu hugeuza mafaili kama kwenye kioo bila kukuambia. Pimeni kwa kalipa umbali kati ya vitu viwili vinavyoonekana wazi, kisha mlinganishe na kompyuta, ili mjue kwamba imetoka kwa ukubwa wake halisi. PLA hulainika karibu na nyuzi 60 za Selsiasi, kwa hiyo msidanganyike kuitia kwenye mashine ya kutakasia vifaa yenye nyuzi 121 au 134, mtatoa chapati. Bamba lililopindwa juu ya modeli ndilo linalotakaswa, lenyewe peke yake.

Kwa bamba lenyewe, mpasuaji hapo juu hakulieleza hili: ukilipinda juu ya upande uliovimba, utakuwa umeuhifadhi uvimbe milele katika sura ya mgonjwa. Tunachofanya ni kuchukua upande mzima wa taya, kuugeuza kwenye kompyuta uwe wa upande wa pili, na kuchapa taya kama lilivyopaswa kuwa. Inawezekana ile ndiyo modeli bora ya kumwonyesha anayejiuliza atafananaje.

---

Niliyepasuliwa Taya

Mimi si daktari. Nimejiunga na jukwaa hili kwa ajili ya mada hii tu, na naomba mnivumilie.

Nilikatwa upande wa kushoto wa taya la chini kwa ugonjwa huohuo. Sitaitaja hospitali. Nilionyeshwa modeli ya taya langu siku moja kabla ya upasuaji, na ninachoweza kusema ni kwamba ilinisaidia katika jambo moja na kuniacha gizani katika mengine.

Jambo lililonisaidia ni kuelewa kwa nini wanakata mfupa mzima. Nilikuwa nimebishana na kila daktari juu ya hilo, nikiamini kwamba wananionea. Nilipoishika na kuona jinsi ukuta ulivyokuwa umepungua hatua kwa hatua, kutoka unene wa kawaida hadi kuwa utando, nikaona kwamba hakuna mstari unaosema ugonjwa umeishia hapa. Hilo hakuna aliyelitamka, niliona mwenyewe.

Lakini modeli haina mdomo. Haina ulimi, haina shavu, haina mate. Hakuna aliyeniambia kwa namna ya kunifikia kwamba nusu ya mdomo wangu wa chini itakuwa na ganzi, kwamba uji utanishukia kidevuni mbele za watu nami nisihisi, kwamba nitajifunza kubeba kitambaa na kujifuta kila baada ya kijiko hata kama hakuna kitu. Niliambiwa kuhusu mshipa wa fahamu, ni kweli, lakini nilidhani ni habari ya maumivu. Daktari wa pwani ameandika juu ya waya wa njano, nami naona ni wazo zuri, ila naomba waya ule usiishie kwenye kidevu cha plastiki. Mguse mgonjwa mwenyewe kwa pamba, pale mdomoni na kidevuni, umwambie: kuanzia hapa hadi hapa, huenda usihisi tena.

Mwambieni pia kuhusu mrija wa puani na siku za kula vyakula vya majimaji. Mwambieni kwamba kovu litakuwa chini ya taya na kwamba uso utavimba kwanza kabla ya kupungua, kwa sababu nilipojitazama kwenye kioo siku za mwanzo niliamini kwamba wamenirudishia uvimbe.

Jambo la mwisho ni wakati. Siku moja kabla ni kuchelewa. Nilikuwa nimekwisha kulazwa, ndugu walikuwa wamekwisha kuchanga fedha, shuka limekwisha kutandikwa. Mtu katika hali hiyo hata akielewa, amekwisha kufungwa na aibu ya kurudi nyumbani bila kupasuliwa.

---

Daktari wa Kilindini

Nimesoma majibu yote kwa makini, na la mwisho kwa heshima ya pekee. Naomba hata hivyo niwe mtu wa kumwaga maji baridi kidogo.

Mleta mada aliuliza kama zinamwelewesha mgonjwa, na tumejibiwa kwa visa. Visa ni vizuri, lakini utafiti upo, nao si wa kutupa moyo moja kwa moja. Mwaka 2015 watafiti wa London walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha wazazi 97 wa watoto wenye kasoro za moyo, ambapo baadhi walionyeshwa modeli ya moyo wa mtoto wao iliyochapwa na wengine walizungumza na daktari kama kawaida. Wazazi walizipenda, madaktari walizipenda, mazungumzo yalirefuka kwa kama dakika tano. Walipoulizwa baadaye walichokielewa kuhusu ugonjwa wa mtoto wao, maarifa yao hayakuwa yamezidi ya wenzao. Mwaka uliofuata ukachapishwa utafiti wa wagonjwa wa uvimbe wa figo ulioonyesha kinyume, kwamba uelewa ulipanda sana, lakini wagonjwa wenyewe walikuwa saba tu na kila mmoja alilinganishwa na nafsi yake, kabla na baada ya kuelezwa.

Moyo si taya, nakubali. Taya mtu analigusa, anajua liko wapi, na kwa hiyo nadhani modeli ina nafasi zaidi hapa kuliko kwenye moyo. Ninachokataa ni ile dhana kwamba plastiki ndiyo inayoelewesha. Mpasuaji wa Pwani ameeleza nta, waya, modeli ya pili, ndugu kuwapo, maelezo ya nyonga na mguu. Ondoa modeli kwenye orodha hiyo ubaki na daktari aliyejitolea kukaa na mgonjwa kwa utulivu wote huo, na huenda mgonjwa akaelewa karibu sawasawa. Sisemi modeli haina kazi. Nasema tusije tukainunulia hospitali printa halafu mazungumzo yakabaki yaleyale ya mlangoni.

Kwa vitendo, ningemshauri mleta mada aanze na kitu kisicho na gharama kesho asubuhi: baada ya kueleza, amwombe mgonjwa amweleze ndugu yake kile kitakachofanyika, na yeye daktari anyamaze asikilize. Yale maji ya shavuni yangesikika ndani ya chumba, si kwenye korido. Modeli ikifika, iingie kwenye utaratibu huohuo: mgonjwa ndiye aishike, mgonjwa ndiye aeleze.

Nina swali kwa Fundi: haya mafaili ya wagonjwa yanaletwa kwenu kwa njia gani? Kwa sababu nimeona watu wakiyatuma kwa WhatsApp, jina kamili likiwa juu.

---

Fundi Vifaa Tiba, Nairobi

Daktari, umegusa penyewe. Kipimo cha CT cha kichwa kina zaidi ya mfupa. Kutokana na mafaili yaleyale mtu anaweza kuujenga uso wa mgonjwa kwenye kompyuta, ngozi, pua na masikio, akatambulika na yeyote anayemjua. Kufuta jina hakutoshi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote mbili zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Utaratibu wetu ni kwamba hospitali yenyewe ndiyo inayotenganisha mfupa kwenye programu, na karakana inapokea faili la STL la taya peke yake, lenye namba badala ya jina. Chuo cha ufundi hakina sababu ya kuwa na DICOM ya mtu yeyote. Mgonjwa naye aulizwe kama anaridhia kuchapwa, na kama modeli yake inaweza kutumika kuwafundishia wengine. Hivyo ni vitu viwili tofauti na vinahitaji saini mbili.

---

Tabibu wa Mkoani (mleta mada)

Nawashukuru nyote, na hasa dada au kaka aliyepasuliwa taya. Nimeamua kwamba modeli ionyeshwe kwetu mkoani, wakati wa kuandika rufaa, wakati mgonjwa bado ana nafasi ya kurudi nyumbani kufikiri na kushauriana na ukoo, badala ya kungojea wodini. Hilo linamaanisha CT ifanyike mapema zaidi kuliko tunavyofanya sasa, na nitalizungumza na wenzetu wa mionzi.

Daktari wa Kilindini, kuhusu kumwachia mgonjwa aeleze, nimeanza leo. Mama mmoja wa makamo alieleza vizuri sana sehemu ya kukata, kisha akamwambia mumewe kwamba meno yatakayotolewa yataota tena baada ya bamba kufungwa. Nisingejua kamwe.

Limebaki swali moja dogo. Wagonjwa wataomba kuondoka na modeli. Tuwape?

---

Mpasuaji wa Pwani

Ile ya kwanza, yenye uvimbe, mpe akitaka, na usimlazimishe asipotaka. Wapo wasiopenda kitu kile kikae ndani ya nyumba. Mpe pamoja na nta na waya wake, kwa sababu akifika kijijini atawaeleza wazee ambao hawakuwapo kliniki, na mara nyingi wao ndio wanaoamua kama nauli ya kuja hospitali itapatikana. Mwambie tu asiiache juani wala karibu na jiko.

Ile iliyopindiwa bamba ibaki kwetu, imeandikwa namba ya faili, upande wa kulia na wa kushoto, pamoja na idadi ya matundu ya bamba. Bamba likivunjika baada ya miaka kadhaa, au siku ya kupandikiza mfupa wa nyonga ikifika, tutapima juu yake kabla hatujamgusa mgonjwa.